Tovuti ya oda kwa biashara ya kuzunguka: anza na ratiba, bidhaa zifuate

Leo tunaacha kidogo mbolea na viwavijeshi, tunaongelea kuuza. Kulima wengi mmeshaweza. Shida inaanza mzigo ukishatoka shambani.

Vijana wengi mnaniuliza swali moja: "Afisa, nataka tovuti, watu waagize mboga na mayai, nianzie wapi?" Nikiwauliza duka liko wapi, karibu wote hawana. Mna kirikuu ya kukodi, guta au bodaboda, na mnazunguka: leo Mtumba, kesho Kisasa, keshokutwa Nkuhungu. Hiyo ni biashara ya kuzunguka. Tovuti yake haifanani na tovuti ya mwenye duka, na ukiiga ya mwenye duka utaumia.

Katika somo hili utajifunza:

- Kwa nini ratiba inatangulia bidhaa
- Jinsi ya kupata idadi ya chini ya oda kwa safari moja
- Kurasa gani tovuti yako inahitaji, na zipi uachane nazo
- Safari ya oda moja, kutoka kwenye simu ya mteja mpaka mkononi mwake
- Namna ya kukubaliana na fundi ili tovuti ibaki mali yako

Nianze na kosa langu

Mwaka juzi kijana mmoja wa upande wa Hombolo alinifuata ofisini. Analima mchicha, chainizi na nyanya za kumwagilia, na ana kuku wa mayai. Mama yake alikuwa ameuza mbuzi wanne ili apate hela ya kutengenezewa tovuti. Mimi ndiye niliyemtafutia fundi. Mimi ndiye niliyekaa nao mezani tukaandika mahitaji: bidhaa kumi na nne, picha nzuri, kikapu cha manunuzi, sehemu ya wateja kutoa maoni. Tovuti ikatoka safi kweli. Ukiifungua kwenye kompyuta ya ofisini unajisikia fahari.

Oda zikaja. Ya kwanza Nkuhungu, mafungu mawili ya mchicha. Ya pili Iyumbu, trei moja ya mayai. Ya tatu Mtumba, na mteja anataka apelekewe kabla ya saa 4 asubuhi. Anayeijua Dodoma anajua hapo umeshazunguka mji mzima. Jioni kijana anarudi mchicha umenyauka, mafuta yameisha, wateja wawili hawapokei simu. Wiki iliyofuata watu wakaagiza chainizi ambayo ilikuwa bado iko kitaluni, kwa sababu tovuti ilikuwa inapokea oda ya kila kitu kila siku. Wakakasirika, na walikuwa na haki.

Mwaka ulipoisha tovuti ikazimika. Ada ya jina la tovuti ilikuwa haijalipwa. Jina lenyewe lilisajiliwa kwa barua pepe ya fundi, na fundi alishabadilisha namba ya simu. Namba za wateja wote zilikuwa humo humo ndani, zikaenda nayo.

Mbuzi wanne wakaisha hivyo. Kijana hakunilaumu. Mama yake bado ananisalimia vizuri kila nikipita pale, na mimi kila mara nawahesabu wale mbuzi kichwani. Ndiyo maana naandika somo hili: nilichokosea mimi usikirudie wewe kwa hela yako.

Mnada unatufundisha nini?

Sisi wa kanda ya kati tuna mfumo wa soko mkongwe kuliko intaneti, nao ni mnada. Mfugaji akitaka kuuza ng'ombe haanzi kwa kuuliza mnadani wanauza nini. Anauliza, "Mnada ni lini, na uko wapi?" Akishajua siku na mahali, mengine anayapanga mwenyewe. Muuza nguo naye, na mchoma nyama, na mama wa vitunguu, wote wanaifuata ile ile siku. Msalato wanajua siku yao, na vijijini Bahi, Chamwino na Kongwa kila eneo linajua siku yake.

Angalia jambo hili: mnada haumfuati mtu nyumbani kwake. Watu wanaufuata wenyewe kwa sababu siku haibadiliki na mahali hapabadiliki. Na mwenye mzigo anafika akijua atakuta watu.

Tovuti ya biashara ya kuzunguka ifanye kazi hiyo hiyo. Kitu cha kwanza anachokiona mteja kiwe: siku gani utakuwa wapi, saa ngapi, na oda za siku hiyo zinafungwa lini. Bidhaa zije chini ya hapo. Mteja achague kituo kwanza, ndipo aone kilichopo kwa siku hiyo.

Kanuni hii siyo ya mboga tu. Chukua kijana anayezunguka vijijini kuchanja kuku dhidi ya mdondo, au kideri kama wengine wanavyouita. Chanjo ya I-2 inatolewa tone moja jichoni na inarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja ina dozi za kuku wengi, na ikishafunguliwa huwezi kuiweka akiba mpaka wiki ijayo. Akipokea oda ya kuku 15 kijiji hiki Jumatatu na kuku 20 kijiji kingine Alhamisi, anamwaga dawa na anamwaga hela. Lakini akitangaza tarehe na kijiji, halafu oda zikajumlishwa kwa kijiji, anajua abebe chupa ngapi. Miezi mitatu ikikaribia, orodha ile ile inamwambia awapigie nani.

Hesabu ya safari: fanya hii kabla ya kumtafuta fundi

Chukua daftari. Andika vitu viwili tu:

1. Gharama ya safari moja: gari, mafuta, msaidizi, chakula, vifungashio.
2. Faida ya wastani kwa oda moja, kabla ya kutoa gharama ya safari.

Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Jibu ndiyo idadi ya chini ya oda kwa safari hiyo.

Mfano (weka bei zako, hizi ni za kufundishia): kirikuu na mafuta vinakula sh. 60,000 kwa siku. Oda ya wastani ni sh. 6,000, na faida yako ni sh. 1,800 kwa oda. Basi 60,000 ÷ 1,800 = 33.3. Maana yake oda 33 bado uko hasara kidogo, oda ya 34 ndiyo inaanza kukulipa wewe.

Sasa fikiria una oda 14 zilizotawanyika mji mzima. Faida ni 14 × 1,800 = sh. 25,200. Ukitoa sh. 60,000 za gari, umepoteza sh. 34,800 na siku nzima ya shamba. Oda zile zile 14 ungezipata kituo kimoja, halafu vituo vingine viwili barabara hiyo hiyo vikakupa 13 na 13, unafika 40. Hapo faida ni sh. 72,000, na baada ya gari unabaki na sh. 12,000. Siyo nyingi, lakini ni yako. Na safari ya oda 60 kwa gari lile lile inakuachia sh. 48,000.

Usidhani hesabu hii ni ya wadogo tu. Kenya walikuwa na kampuni ya Copia, iliyokuwa ikipokea oda za watu wa vijijini kupitia mawakala wenye maduka, na mzigo ukishushwa kwa wakala. Mtaji ulikuwa mkubwa na teknolojia ilikuwa nzuri. Mei 2024 ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi baada ya fedha kukauka. Wazo la kituo cha kuchukulia mzigo ni zuri, ila haliondoi kazi ya kuhesabu. Kila safari lazima ijilipe.

Hatua ya 1: Wiki nne za daftari

Kabla ya tovuti, endesha biashara kwa daftari na simu kwa wiki nne. Chagua vituo vitatu vilivyo upande mmoja wa mji. Kwa anayetoka Hombolo, mfano, Mtumba, Nzuguni na Kisasa vinaendana. Nkuhungu na Chang'ombe viwe siku nyingine, au achana navyo kwanza.

Kituo kizuri kina kivuli, kina nafasi ya gari kusimama bila kuziba njia, na kina mtu anayekujua, kama mwenye duka au mama ntilie. Omba ruhusa ya mwenye eneo, na ofisi ya mtaa wakufahamu. Ukifukuzwa siku ya kwanza, ratiba yako yote imekufa.

Kwenye daftari kila oda iwe na: jina, simu, kituo, alichoagiza, kiasi, amelipa au hajalipa, amechukua au hajachukua. Hiyo safu ya mwisho usiiruke. Ukigundua kituo fulani kila wiki watu watano hawatokei, tatizo la hapo siyo tovuti. Labda saa yako inawakuta bado wako kazini.

Hatua ya 2: Zana za bure

Wiki nne zikipita, hamia WhatsApp Business. Ni bure, ina sehemu ya kuorodhesha bidhaa na bei, na ina majibu ya kujiendesha. Ongeza fomu ya Google, nayo ni bure. Mteja anajaza kwenye simu, majibu yanajipanga kwenye jedwali.

Kaa hapo wiki nane. Kama wiki zote nane umefikisha ile idadi yako ya chini ya oda, sasa una sababu ya kulipia tovuti. Kama hujafikisha, tovuti haitakufikisha. Itakuongezea gharama tu.

Hatua ya 3: Tovuti yenyewe

Kurasa nne zinatosha:

1. Ratiba. Hii ndiyo ya mbele. Siku, kituo, saa ya kufika, saa ya kuondoka, saa ya kufunga oda.
2. Bidhaa za safari hiyo. Jina, kipimo, bei, kiasi kilichobaki. Kikiisha, kitufe cha kuagiza kijifunge chenyewe.
3. Fomu ya oda. Jina, simu, kituo, bidhaa na kiasi, njia ya malipo. Usimlazimishe mteja kufungua akaunti na neno la siri ili anunue mafungu mawili ya mchicha.
4. Mawasiliano. Namba ya simu inayopokelewa, na maelezo mafupi kuhusu shamba lako.

Na haya zingatia:

- Andika kipimo kwa gramu au kilo. Fungu la Mtumba siyo fungu la Nkuhungu. Andika "fungu, gramu 400" na upime kweli. Ugomvi mwingi wa oda za simu unaanzia kwenye neno "fungu".
- Picha ziwe za mzigo wako. Piga asubuhi kivulini, weka kitu kinachojulikana pembeni, kama kikombe, ili ukubwa uonekane. Mwambie fundi azipunguze uzito. Ukurasa mzito unamla mteja bando, na anaufunga kabla haujafunguka.
- Jaribu kwenye simu ya bei ya chini, tena ukiwa mahali mtandao unasuasua. Kompyuta ya ofisini ilinidanganya mimi.
- Lugha iwe Kiswahili cha sokoni. "Agiza", "Kituo", "Umeagiza", "Lipa". Basi.
- Wasio na simu janja usiwaache. Wapige simu, na wewe ujaze fomu kwa niaba yao, ili oda zote zikae sehemu moja.

Safari ya oda moja

Tuseme siku yako ya mzunguko ni Ijumaa.

- Jumanne jioni: tembea shambani, hesabu kilicho tayari. Ukihesabu mafungu 100, weka 85 kwenye tovuti. Hayo 15 ni ya wadudu, ya kuhesabu vibaya na ya mteja atakayekuja kituoni bila oda. Kisha fungua oda na utume linki kwa wateja.
- Alhamisi saa 10 jioni: oda zinafungwa. Usimwonee mtu haya. Ukimfungulia mmoja saa 2 usiku, wiki ijayo watakuwa kumi.
- Alhamisi usiku: tuma meseji ya uthibitisho kwa kila mmoja: namba ya oda, jumla ya hela, kituo na saa. Nakili orodha yote kwenye karatasi. Mtandao ukikata njiani, karatasi haikati.
- Ijumaa alfajiri: vuna kulingana na orodha. Mboga za majani ziweke kivulini, zifunike kwa gunia lenye unyevu. Funga kila oda peke yake na uandike namba yake juu.
- Ijumaa alasiri: Mtumba saa 9:30 watumishi wakitoka, Nzuguni saa 11, Kisasa saa 12:15. Oda za kituo cha mwisho zipakie kwanza ili zikae ndani, za kituo cha kwanza zikae mlangoni.
- Ijumaa usiku: weka alama nani amechukua na nani hakutokea. Asiyetokea mara mbili, safari ijayo analipa kwanza.

Ukiona vizuri, kazi kubwa hapo ni kuvuna kilichokwisha kuuzwa. Unaacha kuvuna kwa kubahatisha halafu unaomba Mungu wanunuzi watokee. Hii ndiyo faida halisi ya oda kwa mkulima, na ndiyo sababu tovuti lazima ijue siku ya safari.

Malipo

Chukua lipa namba yenye jina la biashara, ili mteja akilipa alione jina asiwe na wasiwasi. Oda ndogo walipe wakichukua. Oda kubwa, kama trei kumi za shughuli au kilo 30 za nyanya za mgahawa, walipe nusu kwanza.

ZINGATIA: usikabidhi mzigo kwa kuona picha ya skrini au meseji iliyoko kwenye simu ya mteja. Meseji za kughushi zipo nyingi. Thibitisha kwenye simu yako wewe, na kama una shaka angalia salio.

Mkataba na fundi

Hapa ndipo mbuzi wanne walipopotelea. Kabla hujatoa hata shilingi, andikianeni haya, hata kama fundi ni ndugu yako:

- Jina la tovuti (mfano linaloishia na .co.tz) lisajiliwe kwa jina lako na barua pepe yako. Ada yake ni ya kila mwaka, na tarehe ya kulipia uiandike kwenye kalenda ya ukutani.
- Maneno yote ya siri ukabidhiwe wewe, na uyabadilishe mwenyewe siku ya makabidhiano.
- Malipo yawe kwa awamu tatu: theluthi ya kuanza, theluthi siku oda ya majaribio inapofika kwenye simu yako, na theluthi ya mwisho baada ya tovuti kufanya kazi mwezi mzima.
- Fundi akufundishe kubadilisha bei, kiasi na ratiba bila kumpigia simu. Kama huwezi kubadilisha bei ya nyanya mwenyewe, hiyo tovuti bado siyo yako.
- Orodha ya wateja na oda uweze kuipakua. Ipakue kila mwisho wa wiki.

Jambo la mwisho kuhusu orodha hiyo. Majina na namba za watu ni dhamana. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kusanya unachohitaji tu, usimpe mtu mwingine namba za wateja wako, na uliza Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi utaratibu wa kujisajili unavyokuhusu.

Zoezi la wiki hii

1. Andika gharama ya safari yako moja na faida ya wastani kwa oda. Gawanya. Andika jibu kubwa ukurasa wa kwanza wa daftari.
2. Chora barabara yako, weka vituo visivyozidi vitatu, na saa za kila kimoja.
3. Waulize wateja kumi ulionao: "Siku gani na saa ngapi nikikukuta hapa itakufaa?" Majibu yao yakipingana na ratiba yako, badilisha ratiba.

Yule kijana wa Hombolo ameanza upya. Ameshamaliza wiki nne za daftari, sasa ana fomu ya Google na vituo vitatu, na yuko wiki ya sita kati ya zile nane. Wiki mbili hakufikisha idadi, na ameandika sababu: moja ilikuwa sikukuu, nyingine alichelewa Mtumba watumishi wakawa wameshaondoka. Kwa hiyo tumekubaliana aanze kuhesabu nane upya. Hajafurahi, lakini amekubali. Mama yake aliniuliza kama safari hii kuna mbuzi wa kuuzwa. Nimemwambia hapana mama, safari hii mboga zitailipia tovuti zenyewe, na zisipoweza, hatutengenezi.

Tukutane somo lijalo. Kazi njema shambani.